Simu ya Mukalay

"Ungali huku, Ngeleka? Benzako bote beshaenda."

Ngeleka hakuinua kichwa. Alikuwa akielekeza hewa moto juu ya simu iliyofunguliwa, akingoja risasi inayoshika vipande vyake ilainike. "Niko namaliza telefone yako, Mukalay."

"Maliza. Bila ile, pa barrière haupite."

Mukalay alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, fimbo kati ya magoti. Tangu mashimo ya madini yaporomoke na kampuni ifunge milango, yeye na vijana wenzake wa mtaa wa Kapata walikuwa wameziba barabara kwa kizuizi. Walisema watu wa Kasai, kina Ngeleka, ndio waliokula kazi zao, na leo jioni asionekane hata mmoja.

Tina, mke wa Ngeleka, alikuwa ameondoka jana na watoto, juu ya lori la kwenda Lubudi. Ngeleka alibaki kurudisha simu za wateja nyumba kwa nyumba. Waliomfungia mlango aliwawekea dirishani. Hakutaka kuondoka na kitu cha mtu. Ilibaki hii ya Mukalay tu, iliyoanguka katika maji ya shimo. Iliwaka, ilionyesha saa, lakini haikushika mtandao. Chipu inayoongea na mnara ilikuwa imekufa.

Simu nyingine ya aina hiyo aliijua moja: yake mwenyewe. Na Tina alikuwa na namba ya simu hiyo tu kichwani. Akifika angeazima simu ya mtu, apige, aseme wamelala wapi.

Aliifungua yake bila kuhisi kitu, kama anayemenya muhogo. Kadi ya namba aliiweka mfukoni mwa shati. Angeitia katika simu yoyote njiani. Chipu, ndogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga, aliiinua kwa kibano, akaiketisha mahali pa ile iliyokufa. Moshi mwembamba ukapanda.

"Batu ya kwenu munajua kutengeneza bintu," Mukalay alisema. "Kurudi kwenu njo hamujue."

"Kwetu wapi? Mi nilizaliwa hapa. Mama yako alinibeba mu mugongo."

"Njo maana mugongo inamuuma mpaka leo!"

Mukalay alicheka peke yake.

Kadi ya Mukalay ilikuwa imeharibiwa na maji, kwa hiyo Ngeleka alitoa yake mfukoni, akaitia humo kujaribu. Akaisogeza simu karibu na redio ndogo ya mezani. Redio ikakoroma: ti-ti-ti, ti-ti-ti. Mnara ulikuwa umejibu.

"Inashika!" Mukalay aliinyakua. Wenzake walikuwa wakimpigia miluzi, akaondoka mbio.

Ngeleka alikunja meza. Alifunga vyuma vyake katika kitambaa, taratibu, mikono ikijua kazi yake bila yeye. Kisha akajipapasa mfukoni mwa shati. Akajipapasa tena: kadi haikuwemo.

Hakukimbia. Alijitwisha mzigo, akafuata barabara.

Pale kizuizini Mukalay alisimama katikati ya njia, simu sikioni, fimbo imelegea mkononi. Midomo yake haikusogea. Tina hakuwa mtu wa kungoja aloo. Simu ikipokelewa tu, alimwaga yote kwa pumzi moja: watoto, homa, njaa, mahali pa kulala. Watu wenye magodoro kichwani walimpita Mukalay kulia na kushoto, na hakumwuliza hata mmoja anatoka wapi.

Ngeleka alifika karibu naye. Akatua mzigo chini, akangoja amalize kusikiliza.