Rudisha Kelele

Mzee Alfonsi alikuwa haanzi kusema kitu bila kukohoa kwanza: kho, kho-kho, moja ndefu, mbili za haraka. Mtaa mzima Gongo la Mboto ulikijua kikohozi hicho. Hata mbwa walikuwa wakimpisha kabla hajatokeza konani.

Jambo la pili walilolijua ni kwamba yeye ndiye aliyeimba ule ubeti wa peke yake kwenye kanda ya kwaya ya mwaka themanini na nane. Alianza kuwatangazia baada ya mwimbaji mwenzake, Benedikto, kuzikwa. Kabla ya mazishi hakuwa na habari hiyo. Wa kumbishia walibaki wawili: mmoja kiziwi, mwingine kahamia Tunduru. Na kanda yenyewe ilishachakaa mpaka ikawa kama inakaanga maandazi, chwaaa, na humo ndani ya mafuta kuna mtu anaimba.

Sasa kwaya ilitimiza miaka arobaini. Kamati ikaamua mwimbaji wa ubeti ule avishwe joho, aketishwe kiti cha mbele, na kanda ipigwe kanisani. Lakini vyombo vya kanisa siku hizi vinakula flashi tu. Alfonsi akaibeba kanda mpaka kwa Editha, binti wa marehemu Benedikto, aliyekuwa akihamisha kanda za watu kwa kompyuta yake ya sebuleni. Mtu mwenye aibu angetafuta nyumba nyingine.

Editha akachomeka waya, ncha moja kwenye tundu la hedifoni la redio kaseti, nyingine kwenye kompyuta. Mawimbi yakaanza kutembea kwenye kioo.

"Tunasubiri mpaka iishe, baba. Kanda ya nusu saa ni nusu saa, haiharakishwi."

Mama yake, Filomena, alikuwa mkekani anachambua mchele, ungo mapajani.

Kanda ikaisha. "Niiache hivihivi?" Editha akauliza.

"Kho, kho-kho. Mwanangu, nivishwe joho halafu watu wasikie maandazi? Nasikia kompyuta inafua sauti. Ifue!"

"Baba, wengine huwa wanapenda ibaki ya zamani..."

"Ifue, nasema! Nataka nisikike mie."

Editha akachagua kipande kitupu chenye chwaaa peke yake, kompyuta ikaitambua, akaiamuru iing'oe kelele hiyo kwenye kanda nzima. Akapiga.

Sauti ikatoka safi, nyembamba, tamu. Haikuwa na undugu wowote na ya Alfonsi, ambayo hata akitoa pole inafanana na geti linaloburutwa. Na pale sauti ilipopanda juu kabisa, nyuma yake kukasikika: kho, kho-kho.

Ungo ukatulia.

"Hebu rudisha hapo," akasema Filomena.

Kho, kho-kho.

"Shemeji, uliimba huku unakohoa? Una makoo mangapi?"

"Mitambo hiyo, shemeji. Inachanganya mambo."

"Marehemu aliniambia ni yeye. Nikamcheka, nikamwambia wanaume mna maneno. Miaka kumi na moja yuko kaburini, mie namhesabu mwongo. Kumbe mwongo namkaribishaga chai!"

Alfonsi akamgeukia Editha. "Mwanangu, rudisha kelele."

"Si umesema nifue?"

"Rudisha!"

Ile ya mwanzo Editha alikuwa ameitunza. Akamwekea kwenye flashi.

"Na hiyo safi uifute."

"Hiyo ya mama," akasema Editha, akamrushia mama yake kwenye simu.

Jumapili Alfonsi akaketi kitini na joho lake. Flashi ikapigwa, maandazi yakakaangwa kanisa zima. Watu wakapiga makofi ya adabu, wengine wakidhani spika zimeungua. Mwenyekiti wa kamati akampa maikrofoni aseme machache. Angeweza kuanza kwa kumshukuru Mungu. Wapi!

"Kho, kho-kho."

Filomena alikuwa ameshasimama, simu mkononi. Akaenda hadi mbele, akaisogeza kwenye maikrofoni ileile aliyoishika Alfonsi. Benedikto akaimba. Halafu, pale juu kabisa: kho, kho-kho.

Wa kwanza kuangua kicheko walikuwa akina mama wa sauti ya kwanza.

"Anayekohoa mnamjua," akasema Filomena. "Anayeimba ni mume wangu."

Alfonsi akasogeza maikrofoni ajitetee. Akakohoa kwanza.