Kuku wa Mbao Dirishani

Wifi yake aliingia karakana bila kubisha hodi, simu mkononi, akapaza sauti kuushinda msumeno.

"Wifi, zima hilo dubwana! Lini umeuza kiti cha mama?"

Mama Randa, kama alivyoitwa na mtaa mzima kwa kuwa randa haikumtoka mkononi tangu usichana wake, alizima mashine na kupangusa vumbi la mbao kwenye kope. "Kiti cha mama kipo kwa mama. Asubuhi nimemwacha amekikalia, ananisimanga kwamba chai yangu ni maji ya kusuuzia vikombe."

"Basi kimezaa. Tazama."

Katika picha kulikuwa na dirisha kubwa la duka la samani, na nyuma ya kioo, juu ya jukwaa jeupe, kuku wa mbao alikuwa ametamia. Mkia uliosimama ndio uliokuwa egemeo. Mabawa mawili yalikuwa mikono ya kiti, na chini ya bawa la kushoto ilijificha droo ndogo ya miwani na dawa. Mdomo ulipinda kiasi cha kushika mkongojo usidondoke.

Kila mkunjo wa kuku yule aliujua. Alimbuni mwaka ule magoti yalipoanza kumsaliti mama mkwe wake, na kila jamaa akamletea bibi huyo kiti cha mabomba ya chuma. "Mnanikalisha kama mgonjwa anayesubiri kuitwa," alilalamika. Alipoletewa kuku alicheka hadi akashika mbavu, kisha akauliza iwapo atatakiwa kutaga.

Mama Randa hakuwa na haja ya kuuliza kuku amefikaje mjini. Mwaka uliopita mbunifu kijana wa duka lile alikuja kuagiza rafu, akakikuta kiti kimeletwa kubadilishwa kitambaa. Aliomba kukipiga picha, kisha akaomba kukipima. "Kwa kujifunza tu, mama." Naye, aliyelelewa kuamini kwamba elimu haifungiwi kabatini, alimshikia ncha ya utepe wa kupimia. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Mwizi alimwomba amshikie ngazi, naye akaishika kwa mikono miwili, tena akamuuliza kama imesimama sawa.

"Vaa viatu twende," wifi alisema.

"Nimeviweka wapi?"

"Miguuni. Hasira imekupofua, wifi yangu."

Dukani walimkuta mbunifu akimhudumia mwanamke mmoja mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye alikuwa akimweleza kwamba yeye ni mkunga mstaafu na kwamba anamtafutia kiti mumewe, aliyepooza upande wa kushoto. Pande zote kulikuwa na samani za kuchekesha: kabati lenye masikio, meza iliyovishwa soksi za rangi, taa iliyoinama kana kwamba inadokoa habari katika gazeti la jirani. Siku nyingine Mama Randa angefurahi, kwani aliamini kwamba samani ina haki ya kuwatania wenye nyumba. Leo kila alichokitazama alijiuliza kimeporwa kwa nani.

Kwenye jukwaa palikuwa na kadi. Ilikuwa na jina la mbunifu peke yake, na chini yake maneno haya: "Wazo lilinijia utotoni, nikimtazama bibi yangu."

"Bibi yake yupi?" wifi aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mwenye kiti si mama yangu mimi?"

Mbunifu aligeuka. "Shikamoo, mama! Karibuni sana."

"Marahaba. Nimekuja kumwona kuku wangu."

Tabasamu la kijana lilipepesuka, lakini halikuanguka. "Ah, mama. Mawazo ni kama hewa, hayana mwenyewe. Kwako nilipata msukumo tu."

"Msukumo? Mwanangu, msukumo hautembei na utepe wa kupimia."

Mkunga, ambaye magomvi ya watu hayakuwa yamempotezea hamu ya kununua, alipanda jukwaani akaketi. Kiti kikagonga vigae, ko! Kikarudi mbele, kikagonga tena.

"Mbona kinayumba?"

"Ndio utamu wake, mama," mbunifu alisema. "Samani za kisasa hazikai kama mawe. Zinacheza na mtu."

Mama Randa alipiga magoti, akapitisha kidole chini ya mguu wa nyuma wa kushoto. Kidole kilipita chote. Akaelewa.

Angeweza kunyamaza. Amwache kijana aendelee kuuza, hadi siku wateja watakapomrudia na bendeji zao na kumwumbua. Kisasi kingejipika chenyewe bila yeye kuchochea kuni. Alichotaka kwake kilikuwa kimoja tu: jina lake likae pale kazi yake ilipokaa. Lakini alimfikiria yule mzee mwenye upande mmoja uliolala.

"Shuka, dada yangu," alimwambia mkunga. "Mumeo ataanguka." Kisha akamgeukia kijana. "Ulinakili hadi mguu huu?"

"Kipimo kwa kipimo," alijibu kwa fahari, bila kujua anaulizwa nini.

"Chumba cha mama mkwe wangu kina pembe iliyoinuliwa na mzizi. Saruji imevimba kama shavu lenye jino bovu. Mimi hupima chumba kwanza, mbao baadaye, kwa hiyo mguu wa pembe ile niliupunguza unene wa kidole. Pale kiti kimetulia kama maji mtungini. Hapa ni mtego. Umeshauza vingapi?"

"Kumi na tisa."

Wateja wawili watatu walikuwa wamesogea, na mbunifu, alipowaona, alinyoosha mikono kama shahidi mahakamani. "Jamani, mmesikia wenyewe! Kosa si la duka. Kiti ni cha fundi huyu. Yeye ndiye aliyekibuni, yeye ndiye aliyekikata mguu!"

"Alaa!" wifi alipiga makofi. "Kumbe ni chake!"

Mama Randa aliinuka kutoka magotini. "Yaani uzuri ni wako, kasoro ni yangu? Mtoto akifaulu ni wa baba, akikojoa kitandani ni wa mama?"

"Nimezalisha miaka thelathini na mitano," mkunga alisema polepole. "Nimewaona wanaume wakiwakana watoto wodini. Lakini wa kumdai na kumkana mtoto huyo huyo kabla chai haijapoa, wewe ni wa kwanza."

Kicheko kilimfanya kijana ainamishe kichwa. Mama Randa hakucheka. Alimtaka awapigie simu wote kumi na tisa siku hiyo hiyo, ili yeye fundi apite nyumba kwa nyumba, apime sakafu na kurekebisha miguu. Hilo kijana alilikubali haraka. La pili lilikuwa kadi.

"Mama, tuyamalize ofisini. Kifamilia."

"Hukunipora ofisini. Umenipora dirishani, tutayamaliza dirishani."

Kijana akachukua kadi mpya, akaandika jina lake mwenyewe, kisha "kwa ushirikiano na".

"Ushirikiano upi? Andika nyingine."

Ya tatu ilibeba jina la Mama Randa peke yake, kwa ukamilifu, kama lilivyo kwenye cheti chake cha ufundi. Aliisoma mara mbili, akatoka bila kuaga. Walikuwa wamekwisha kuvuka barabara wifi alipogeuka nyuma.

"Wifi. Anaibadilisha."

Kupitia kioo walimwona kijana akiitia kadi mpya mfukoni na kuirudisha ile ya kwanza, taratibu, kama mtu anayenyoosha kitambaa cha meza.

Mama Randa alivuka tena barabara, akasukuma mlango, akapanda jukwaani na aproni yake yenye vumbi la mbao, akaketi juu ya kuku, akajikita kwa kisigino ili asiyumbe.

"Mama, tafadhali! Hapo ni pa maonyesho."

"Najua. Kadi umeitia mfukoni. Basi kadi nitakuwa mimi."

Nje, mume na mke waliokuwa wakipita walisimama, wakanong'onezana, wakaingia wakitabasamu. "Kizuri hiki," mwanamke alisema. "Nani kakitengeneza?"

Mbunifu alifungua kinywa. Mama Randa alimkazia macho, mikono imetulia juu ya mabawa mawili, akamsubiri ajibu.