Bamba Lililosuguliwa kwa Mchanga

Watu wa Nchelenge, huku ziwani, husema mimi Colette ni mkali. Ni kweli, na mguu ulinizidishia ukali.

Mwaka 1975 mtumbwi uliojaa samaki wa kisiwa cha Chisenga uliniangukia kwenye muundi tukiuvuta ufukweni. Daktari Mulumba, Mkatanga mwenzangu, aliunga mfupa kwa bamba la chuma lililopakwa ganda la kuzuia kutu. Ganda lile likabanduka vipande vipande humo humo mwilini. Mwili ukalikataa bamba, mfupa ukagoma kushika, na kidonda kikatoa usaha hadi mvua zikaisha. Mimi huchukua samaki majini na kuwabeba kichwani hadi kwenye lori. Mguu ukikatwa, biashara yangu imekwisha.

Siku moja daktari akaniletea kitandani hospitalini bamba jipya, jeusi tititi.

"Hii banaipaka udongo, halafu banaichoma mu moto mukali sana," akasema. "Udongo ya vile mwili haiikatae. Lakini naogopa itoke tena kama ile ya kwanza. Ikitoka, mguu tutaikata. Ufikiri, kesho utaniambia."

Akaliacha kwenye kimeza changu nilitazame. Lingechemshwa kabla ya upasuaji. Halikuwapo jingine.

Huku kwetu mgonjwa huuguzwa na ndugu zake. Mimi niliuguzwa na mama mkwe, Ennie, Mbemba ambaye hawezi kuona sufuria yenye masizi akanyamaza. Nilipoamka mchana, kimeza kilikuwa kitupu. Nikachungulia dirishani. Alikuwa amechutama kwenye bomba la uani na mchanga wa ziwa, analisugua bamba langu kwa mikono miwili.

Nilimwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mama mkwe. Hakujali.

"Awe," akajibu, na kutikisa kichwa. "Masizi haiingie mu mwili ya mutoto yetu. Lakini hii iko kichwa nguvu. Nasugua, nasugua, haitoke."

Nikalia. Niliona mguu wangu umeshakwenda.

Daktari alipokuja nikamweleza yote. Hakufoka. Alilichukua bamba hadi kwenye mwanga, akalitazama kwa kioo cha kukuzia upande huu na upande ule, akajaribu kulikwangua kwa ncha ya kisu. Kisha akamgeukia mama mkwe.

"Mama, ulisugua na nini?"

"Muchanga."

"Na nguvu?"

Mama mkwe akamnyooshea viganja vyake, vigumu kama kisigino, kwa uso wa mtu aliyetukanwa.

Daktari akacheka. "Haina hata mukwaruzo. Basi miye siogope tena kama itatoka. Kama mwili itaikubali, ile tutaiona mu mwili."

"Tia," nikamwambia. Sikuhitaji kungoja kesho.

Mwili ulilikubali. Kidonda kilifunga, kikakauka, mfupa ukashika. Siku niliyorudi majini nilijitwika kikapu cha kwanza hadi kwenye lori bila fimbo. Mama mkwe akanifuata nyuma. Mbele ya wachuuzi wote aliinama, akaunusa muundi wangu kama anavyonusa samaki kabla ya kununua.

"Haina arufu," akasema. Akasimama, akapangusa mikono, na kuinamisha uso kidogo. "Lakini masizi yako iko mu ndani bado."

Nikarudi majini kuchukua kikapu cha pili.