Mstari wa Mkunga

Mabango matatu ya wagombea yaliletwa kwenye uwanja wa shule, lakini mawili tu ndiyo yalikuwa na watu wa kuyashika. La Injinia lilishikwa na mpwa wake, la Wakili Tyoapine na mwenyekiti wa kata. La Nguveren Adaga, mkunga aliyetia nia ya kuwa gavana wa jimbo la Benue, Nigeria, lilikuwa limelala kwenye nyasi. Wakala wake hakutokea. Kura ya mchujo ya chama ilikuwa ya kujipanga: kila mwanachama husimama mbele ya bango la amtakaye, mistari ihesabiwe.

"Bango lisiloshikwa halihesabiwi," msimamizi wa chama alisema. "Nangoja dakika tano."

Iveren alikuwa amesimama kwenye mstari wa Wakili, mwanawe wa miezi saba mgongoni. Hakujichagulia. Jana, wakila viazi vikuu vya kutwanga, Baba Kumashe, baba mkubwa wa mumewe na mwenye boma, alisema: "Boma langu ni mstari mmoja. Atakayetoka akatafute jiko kwingine." Baba Kumashe hakuwa mtu wa kurudia neno.

"Huyo mama arudi kukata vitovu," kijana mmoja alisema, watu wakacheka.

Iveren hakucheka. Akilini alimwona tena mkunga yule, usiku wa kujifungua kwake, amepiga magoti sakafuni, jasho likimtiririka, akimwambia, "Mwanangu, niko hapa, siendi popote."

Miguu ilitoka kabla moyo haujakubali. Aliliokota bango, akalikung'uta nyasi, akageuka.

Hapo ndipo alipotambua kwamba mshika bango huwatazama watu wote usoni. Zaidi ya mia mbili walimtazama, na mbele yake hapakuwa na hata mmoja.

"Mkaza mwanangu," Baba Kumashe aliita polepole, "jua limekupiga?"

"Hapana, Baba. Nimemshikia tu, naye ahesabiwe."

"Ahesabiwe nani? Upepo?"

Mama Doose, mkewe Baba Kumashe, akatoka mstarini akichechemea, shuka lake la mistari myeusi na myeupe likiburuzika. "Mume wangu, kitinda mimba wako alikuja miguu kwanza. Siku hiyo Wakili sikumwona." Akasimama mbele ya Iveren, akakohoa.

Wakaja wanawake wawili. Wakaja watano. Yule kijana wa vitovu alitazamwa na mama yake mara moja tu, akahama kichwa chini. Wakaja wanaume waliokwisha kuota mvi, na watoto wao wakubwa. Iveren aliwatazama. Uso baada ya uso, na karibu kila mmoja wao alipokewa duniani, au mwanawe alipokewa, na mikono ileile. Alikuwa akipita nao sokoni kila wiki, asijue.

Msimamizi alipita akigusa mabega. Wakili, mia moja na kumi na wawili. Mkunga, tisini na sita. Injinia, thelathini.

Katika kata hii mkunga alikuwa ameshindwa. Baba Kumashe akaja, Iveren akainamisha macho.

"Wangapi?"

"Tisini na sita, Baba."

"Bila wakala." Mzee alitikisa kichwa, kama aliyeona mto ukipanda mlima. "Mimi ni mtu wa Wakili, nakwambia."

"Najua, Baba. Na... jiko?"

"Jiko gani? Unataka nile kwa jirani?" Alilitazama bango. "Usilikunje hilo. Kata ya ng'ambo wanajipanga saa nane, na huyo wakala huenda asitokee huko pia. Mpe Mama Doose mtoto, nikakutafutie pikipiki."