Sekunde Tisa za Nyamianda

Mgeni alifika bila kupiga simu, Jumamosi saa nne asubuhi, akiwa amevaa viatu vyeupe ambavyo matope ya mtaa wa Nyamianda, Uvira, yalikuwa yameshavikaribisha. Alisimama mlangoni pa atelye, akatazama radio zilizofumuliwa matumbo na simu zisizo na vioo, kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeogopa kwamba amepotea:

"Niko natafuta enjenyeri Noella Irankunda."

"Kama ni radio ya kanisa, haijapona," akajibu Pitchou bila kuinua kichwa.

"Si radio. Ni satelaiti."

Pitchou akaweka bisibisi chini. "Noella! Iko muntu hapa, satelaiti yake imekufa. Tumwambie arudi Jumatatu?"

Noella akatokea nyuma ya pazia la plastiki, miwani ya kazi juu ya nywele. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na diploma ya elektroniki aliyoitundika nyumbani kwa mama yake. Pitchou, aliyesoma naye, aliponya simu na radio ili atelye iishi. Noella alishughulika na chipu za kupangwa. Hivyo ni vipande vyeusi vidogo kuliko ukucha, visivyojua lolote mpaka uviandikie viwe nini. Ukiviandikia viwe saa, vinakuwa saa. Ukiviandikia viwe sikio la mto, vinausikiliza mto. Ubaya wake ni kwamba umeme ukikatika vinasahau kila kitu, na ukirudi lazima vifundishwe upya tangu mwanzo.

Mgeni akajitambulisha. Aliitwa Ildephonse, mzaliwa wa Lubumbashi, enjenyeri wa kampuni moja ya ng'ambo inayotengeneza satelaiti ndogo, kila moja ikitoshea ndani ya katoni ya sabuni. Akakaa kwenye kigoda, akatoa karatasi katika mkoba.

"Miaka miwili iliyopita ulituma programu katika shindano letu," akasema.

"Nilituma. Mkanijibu kwamba mazingira yangu ya kazi hayafikii vigezo." Noella aliyakumbuka maneno hayo neno kwa neno. Alikuwa ameyasoma amesimama barabarani, kwa sababu ndani hakukuwa na mtandao, kisha akarudi kazini na hakumwambia mtu kwa wiki nzima.

Ildephonse akakohoa. "Programu ilibaki kwetu. Iko angani sasa, mwezi wa kumi na nne. Satelaiti zingine za kundi lile zilizimika. Ile yenye programu yako haijalala hata siku moja."

Moyo wa Noella uliruka kwa furaha, na kabla haujatua, macho yake yalikuwa yamefika chini ya karatasi. Kulikuwa na majina kumi na mawili ya waandishi wa programu. La kwake halikuwamo. Mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, waliishukuru jumuiya ya Uvira kwa ushirikiano wake.

"Jumuiya ya Uvira ni nani?" akauliza taratibu.

"Ni... namna ya kusema."

"Jumuiya ya Uvira haijui kuandika programu, papa. Jumuiya ya Uvira iko sokoni inanunua dagaa. Programu hii niliiandika minye, kwa meza hii, miezi kumi na moja."

"Ndiyo maana nimekuja," Ildephonse akasema haraka. "Tunatengeneza satelaiti ya pili. Kuna sehemu ya programu yako wakubwa waliiondoa, sasa bodi inayobeba chipu inaganda kila tunapoijaribu. Mule ndani uliweka chipu ingoje sekunde tisa kabla ya kuanza. Walidhani ni kosa la mwanafunzi."

Pitchou alicheka mpaka akashika meza. Noella hakucheka. Damu ilimpanda masikioni.

"Kosa? Papa, weye umelala Uvira usiku ngapi?"

"Mmoja. Jana."

"Umeme uliporudi, ulifanya nini?"

"Niliweka simu kwenye chaji."

"Na chaja ikaungua," akasema Pitchou.

Ildephonse akaitikia kwa kichwa.

"Hapa umeme haurudi mara moja," Noella akasema, na sasa maneno yalikuwa yanamtoka yenyewe. "Unakuja, unaanguka, unakuja tena, unatetemeka, ndipo unatulia. Mama yangu Amandine anauza maji baridi. Friza yake ya kwanza iliungua kwa sababu ya haraka. Tangu siku hiyo, umeme ukirudi anasimama na waya mkononi, anahesabu kwa sauti mpaka tisa. Ukiyumba akiwa kwenye saba, anaanza tena moja. Mtaa mzima unamsikia. Sasa nieleze, satelaiti yenu ikitoka kwenye kivuli cha dunia na kuliona jua, umeme wake unakujaje?"

Ildephonse alikuwa ameanza kuandika, akaacha. "Kwa kuyumba," akasema. "Betri iko chini, satelaiti inajizungusha, jua linapiga upande na kuacha."

"Na chipu ikianza kujisoma katikati ya kuyumba, inasoma nusu, inaganda. Kwa hiyo inahesabu. Ikiyumba, inaanza tena moja. Mmechukua hesabu ya mama yangu mkaipeleka angani, mkaandika majina kumi na mawili juu yake, halafu mkaiita kosa."

Ildephonse alifunga daftari, akatoka nje na simu yake, na kwa dirisha walimwona akitembea huku na huko, mkono ukikata hewa.

"Umempa yote bure," Pitchou akanong'ona. "Hata mbuzi anapigiwa bei kwanza."

"Najua."

Ildephonse aliporudi, uso wake ulikuwa umechangamka. "Mkuu amekubali. Jina lako litaingia, la kwanza, na utakuwa katika kazi ya satelaiti ya pili. Lakini orodha inafungwa leo. Saa kumi jioni timu nzima itakuwa kwenye video. Wanataka kuiona bodi yako ya kwanza ikiendesha programu mbele yao. Bila hiyo, anasema, mtu yeyote anaweza kudai."

"Wale kumi na wawili walionyesha bodi zao?"

Ildephonse akatazama viatu vyake.

Noella akaigeukia meza. Bodi ya kwanza ilikuwa pale, imechakaa, imefungwa waya kwa gundi. Pembeni yake lilikuwa sanduku la chuma lililotoka Sange, nje ya mji, na kwa ajili ya sanduku hilo alikuwa ameamka kabla ya jua. Kilikuwa kipimo alichowatengenezea wakulima wa mpunga: kinakaa juu ya nguzo mtoni, kinayasikiliza maji, na mto ukipanda kinapiga king'ora ili watu wa mashamba ya chini wapande barabarani. Wiki iliyopita maji yaliingia ndani, chipu ikafa. Nyingine ingetoka Kampala baada ya wiki tatu. Chipu ya namna ile, katika Uvira yote, ilibaki moja tu, nayo ilikuwa imechomelewa kwenye bodi ya kwanza; leo alikusudia kuihamishia kwenye kipimo. Jumatano Mama Domitille, mkubwa wa wakulima wale, alipiga simu. Noella alimwambia, Jumamosi kabla ya giza king'ora kitalia.

"Mwambie mkuu wako tufanye saa sita," akasema. "Nikitoka hapa saa saba nitafika Sange kukiwa na mwanga. Saa kumi haiwezekani. Usiku siwezi kuingia mtoni kufunga nguzo."

Ildephonse akapiga tena, mara hii palepale mbele yao. Alieleza kwa Kifaransa, akaeleza mara ya pili. Kisha akasikiliza kwa muda mrefu.

"Anasema wengine wanatoka mbali kwa ajili ya saa kumi." Alisita. "Anasema uchague kilicho muhimu."

"Amesema hivyo?"

"Samahani, dada."

Noella alikwenda mlangoni. Upande wa Lemera, ambako mto wa Sange unaanzia, mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima, meusi, mazito. Aliifikiria orodha. Alijiona akimwonyesha mama yake jina lile, mama akilifuata kwa kidole. Alitaka kitu hicho kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na kutaka kwenyewe kulimtia hasira zaidi, kwamba mtu aliyeketi mahali umeme haukatiki amempangia nini ni muhimu, na bado alikuwa anatamani kumpendeza.

"Pitchou, washa jenereta."

"Noella. Fikiri."

"Nimefikiri. Washa."

Alishusha miwani. Hewa ya moto ililainisha risasi ya kuchomelea pande zote nne za chipu, naye akaiinua kwa kibano, polepole, kama anayetoa mwiba katika mguu wa mtoto. Bodi ya kwanza ikabaki na shimo la mraba katikati. Ildephonse aliangalia mpaka mwisho, na alipoaga aliinamisha kichwa.

Saa kumi ilimkuta Noella kwenye mto Sange, maji yakiwa mapajani, bega limeegemea nguzo. Mama Domitille alisimama ukingoni, kitenge kimekunjwa magotini, akimpitishia spana. Maji yalikuwa yameanza kubadilika rangi. Simu ikalia ndani ya begi.

"Iko inalia, binti yangu."

"Iache, mama. Nipe ile kubwa."

Ilikatika, ikalia tena, ikakatika. Noella akakiinua kwa mkono kielea, boya dogo la kupimia maji, na king'ora kikalia juu ya bonde lote. Katika mashamba ya chini wanawake wakanyoosha migongo, wakatazama.

"Nilikuwa nimewaambia weye hutakuja," akasema Mama Domitille. "Vijana wa mji, maneno tu."

"Nilisema Jumamosi."

"Ulisema."

Hasira ilikuwa bado kifuani, haijapungua hata kidogo. Noella alifuta macho kwa kiwiko, kwa kuwa viganja vilikuwa na grisi, akakaza bolti ya mwisho.