Kubadhi Moja Ngazini

Kila asubuhi Maalim Zakariya hushuka ngazi, akapokea kikombe cha kahawa kwa binti yake Swafia, akakimaliza kwa mafunda matatu, kisha akakata vichochoro vya Kibokoni kwenda kusomesha watoto chuoni. Leo kikombe kilimponyoka Swafia mkononi. Baba yake alikuwa keshatoka nje, mguu mmoja umevaa, mwingine mtupu. Kubadhi la kulia lilibaki ngazini.

"Baba, kiatu!"

Maalim aliutazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Ajabu! Nimekivaa mwenyewe."

Swafia alimkalisha barazani. Wiki mbili hizi mgongo ulikuwa ukimsumbua, na mkandaji aliapa kwamba ni baridi tu. Swafia alikuwa na miezi minne tangu ahitimu tiba ya viungo. Darasani walimcheka kwa haya yake.

"Fumba macho. Nikikugusa, sema."

Akamgusa kidole gumba cha mguu wa kulia kwa ncha ya kalamu. Akapita ukingo wa unyayo. Akabonyeza.

"Anza basi, mwanangu. Wale watoto wakingoja sana watapanda juu ya meza."

Swafia alikuwa keshamgusa mara sita.

Akajaribu mguu wa kushoto. Kimya vilevile. Mguu mmoja angeuelewa: mshipa wa fahamu mmoja, umebanwa pale unapotokea kati ya pingili za mgongo. Lakini miwili? Hapo mwalimu wao alisisitiza kuna swali la kuulizwa upesi, kabla ya jingine lolote.

Mama yake ni marehemu. Akampigia kaka yake Jaffar, aliyekuwa kazini Mbaraki, ili yeye amuulize baba. Simu ikaita mpaka ikakatika.

"Baba... ukienda... yaani, maji..."

"Maji yamo mtungini."

"Mkojo, baba! Mkojo unatoka?"

Maalim aliruka kama aliyemwagiwa uji wa moto. "Swafia! Mimi ni babako! Haya umeitupa wapi?"

Jirani aliyekuwa akipita alipunguza mwendo, akaona nyuso zao, akauongeza. Machozi yalimtiririka Swafia, lakini hakuinuka.

"Uti wenyewe wa fahamu, ulio ndani ya mgongo, huishia juu ya kiuno, baba. Chini yake mishipa huning'inia pamoja kama mkia wa farasi. Iko ya kuinua nyayo, iko ya kuhisi, iko ya kufungulia mkojo. Kuna kitu kimeibana yote. Wakikupasua leo huenda ikapona. Tukingoja kesho, huenda isirudi maisha. Nikaripie utakavyo, lakini nijibu."

Maalim alilivuta pindo la kanzu, akaifunika miguu ambayo hakuihisi. Alipozungumza, ile sauti ya kusomesha haikuwamo.

"Hautoki. Tangu jana alasiri hautoki, mwanangu. Na hapa ninapokalia pamekufa ganzi. Naogopa, Swafia. Nipeleke hospitali."