Ng'ombe wa Ripoti
Mimi ni mwanasosholojia. Miaka kumi na tisa nimechunguza namna watu wanavyoishi na dini zao, na sijawahi kusaini uongo. Kituo kimoja cha utafiti hapa Gitega kilinituma Muyinga nikaone Waislamu na Wakristo wanaelewanaje siku hizi. Nilikaa miezi minne, nikawa nauliza habari za harusi na misiba, hasa mambo ya nyama.

Kwetu, Mkristo mwenye majirani Waislamu hashiki kisu mwenyewe siku ya sherehe. Humwita Mwislamu achinje, wote wale sufuria moja. Baba yangu, mzee Abubakari, huitwa kuchinja hivyo na nusu ya mtaa wetu wa Magarama. Huko Muyinga, karibu kila nyumba niliyoingia bado inafanya vilevile.

Mkurugenzi wetu, Bwana Melkiori, hakufurahi. Wafadhili walitaka uhasama, naye alikwisha andika hitimisho kabla sijarudi: watu hawa hawali tena pamoja. Akanisogezea karatasi nisaini.

"Madamu Zuena, iyo ni mambo ya jikoni, haiko dini."

"Dini ya hapa iko jikoni, Direkta. We hujaingiaka mule."

Akanieleza kwa upole kwamba asiyesaini hana mkataba. Nina watoto wawili na nyumba ya kupanga, na niliogopa kweli. Sikusaini. Ripoti ikachapwa bila mimi, nami nikabaki bila kazi.

Siku ya kuizindua, Melkiori alinunua ng'ombe. Masheikh walikuwa wamealikwa kutoka Muyinga, basi asubuhi mtu wake akaja kwetu kumtafuta baba. Nilitaka kumfukuza. Baba alichukua kisu chake, akaniambia watu lazima wale, mengine nijue mwenyewe.

Nikajitanda mtandio wangu mzuri, nikamfuata. Nilingoja nyama iive. Mapadri na masheikh walipokwisha kuinama kwenye sufuria ileile, na ripoti zimepangwa mezani, nilimwendea Melkiori aliyesimama na wafadhili wake.

"Direkta, waambie hawa wageni nani amechinja, na juu ya nini ulimuita."

Alitabasamu, akanishika mkono aniondoe. Niliutoa mkono wake. Wafadhili walikuwa wanasubiri jibu, sahani mikononi, nami sikusogea hata hatua moja mpaka akalitaja jina la baba yangu.